Bi Pingili na Shingo ya Wifi Yake

Shika shingo yako. Ndiyo, wewe. Nyuma, juu kabisa, pale fuvu linapoishia. Bonyeza mpaka ukute kinundu. Hiyo ni pingili ya pili ya shingo. Ya kwanza iko juu yake, imejificha ndani, huigusi hata ukibonyeza mpaka kesho. Watu wanazaliwa, wanaoa, wanagombana na wenye nyumba, wanazeeka, na hawajui kama wana kitu hicho. Lakini ndicho kimebeba kichwa chako hapo ulipo, unaposoma hii kwenye simu huku umeinama vibaya. Kaa vizuri.

Sasa kuna mama mmoja anaijua hiyo pingili kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na hana cheti hata cha kuosha vyombo. Wanafunzi wa udaktari wanamwita Bi Pingili. Ana miaka hamsini na minne. Miaka ishirini na sita iliyopita aliajiriwa kufagia idara ya anatomia kwenye chuo kilichoshikana ukuta na hospitali. Mtunza chumba cha mifupa akastaafu, akaacha ufunguo mezani, na hakuna aliyejitokeza kuuchukua. Wewe ungejitokeza? Yeye akauchukua. Alianza kwa kupangusa vumbi, akaishia kujua kila kilichomo.

Chumba chenyewe kiko mwisho wa korido, mlango wa kijani ambao lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunguke. Ndani kuna rafu za chuma mpaka darini, sinki linalodondoka, dirisha ambalo kioo kimoja kimebadilishwa na kadibodi, na meza ndefu iliyotandikwa plastiki ya maua. Mafuvu juu, mifupa ya mapaja katikati, vidogo vidogo kwenye masanduku chini. Redio inaimba kutwa. Wanafunzi wapya wanaingia kimya kama wako msibani, naye anawaambia, "Ongeeni bwana, hawa hamuwaamshi."

Kazi yake kubwa ni kurudisha vitu mahali pake. Wanafunzi wakimaliza somo wanamletea mifupa yote kwenye beseni moja, kama watoto wanavyokusanya vitu vya kuchezea wakisikia mama anakuja. Yeye anakaa, anachambua, anapanga shingo moja moja, pingili saba saba, anazifunga kwa waya. Na kwa sababu wanafunzi kila mwaka wanasahau mshipa wa damu unapita wapi, anapitisha waya mwekundu wa umeme kufuata njia ya mshipa wenyewe. Mishipa hiyo iko miwili, mmoja kila upande. Inapanda shingoni kwa kupenya matundu ya pingili, kama uzi kwenye shanga. Ikifika pingili ya kwanza, ambayo ukiitazama ni pete nene tu, inakata kona kali kwenda nyuma, inalala juu ya tao la hiyo pete ndani ya kijifereji, ndipo inaingia kichwani kulisha ubongo. Ukiutoboa mshipa huo mtu anaweza kufa hapo hapo mezani, au akaamka nusu ya mwili haipo kazini.

Kwa watu wengi kijifereji kiko wazi. Waya unaulaza tu. Lakini kila baada ya pingili kadhaa waya ulikuwa unamgomea Bi Pingili. Kumbe pingili nyingine zimeota kijidaraja cha mfupa juu ya kijifereji, milimita mbili tatu za unene, na mshipa unapita chini yake. Hapo waya haulazwi, unatiwa kama uzi kwenye sindano, na ukiwa na haraka utalia. Akazichukia. Akaziweka peke yake kwenye boksi la viatu, akaandika juu kwa kalamu nene: WABISHI. Hadi mwaka jana pingili za kwanza zilizopita mikononi mwake zilikuwa mia mbili na kumi na nne, na wabishi thelathini na mmoja. Hakugundua kitu kipya, vitabu vinalijua daraja hilo, na mwenyewe hajidai. Tofauti ni kwamba vitabuni limekaa kwenye maandishi madogo, na yeye ana boksi zima.

Haya, tuhamie nyumbani, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Mume wake ni fundi makochi. Mtu mpole, mdomoni ana misumari muda mwingi kuliko maneno. Ana dada yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, mjane, anayekaa nao tangu alipoacha kazi. Huyo ndiye wifi. Alikoma kuwa mwalimu mkuu kwenye karatasi tu. Nyumbani anakagua kucha. Miaka yote hiyo amemwita mke wa mdogo wake "daktari wa marehemu", na Bi Pingili amemwita yeye "kengele", na wote wawili wakiulizwa wanasema wanapendana. Sijui. Labda.

Jumamosi moja wifi aliona fimbo ya pazia sebuleni imepinda. Imepinda kwa macho yake, wengine wote waliiona imenyooka. Akapanda kwenye stuli. Stuli ikacheza, akaanguka kinyumenyume, kisogo kikagonga mkono wa kochi, ule wa mbao. Akainuka mwenyewe, akasema, "Sijaumia, na pazia bado limepinda."

Jumapili asubuhi Bi Pingili alipita mlangoni kwake akamkuta anajaribu kuamka kitandani. Alikuwa ameshika kichwa chake kwa mikono miwili, mmoja kidevuni, mmoja kisogoni, anakibeba kama mtu anayehamisha mtungi uliojaa. Bi Pingili anajua: mtu hakibebi kichwa hivyo kama shingo ni nzima.

"Wifi, usisogee."

"Nani anasogea? Naamka."

"Usiamke. Lala hapo hapo. Usigeuze shingo."

"Wewe, mimi si mteja wako. Mimi napumua."

"Ndiyo maana nakwambia usisogee, ili uendelee kupumua."

Akakunja taulo mbili, akakata kadibodi, akamfungia shingo kwa skafu ya shule ambayo wifi alikuwa anajivunia. Wifi akalalamika mwanzo mwisho kwamba anafungwa kama maiti. Ambulensi ikaitwa, wakampeleka ile ile hospitali iliyo jirani na chuo.

Eksirei ikaonyesha. Pingili ya pili ina kidole cha mfupa kinachosimama wima, madaktari wanakiita jino, na ile pete ya kwanza inazunguka kwenye jino hilo kila unapotikisa kichwa kusema hapana. Jino la wifi lilikuwa limekatika shinani. Maana yake pete, pamoja na kichwa chote kilichokaa juu yake, haikuwa na kitu cha kuishikilia zaidi ya nyama na ubishi. Ikiteleza nyuma au mbele, inabana neva kuu inayoshuka kwenye uti wa mgongo, na pale juu ndipo amri ya kupumua inapopita.

Dawa yake ni skrubu. Mbili pingili ya kwanza, mbili ya pili, kulia na kushoto, halafu unaziunganisha kwa vyuma viwili vifupi, kila upande kimoja, zinakuwa kitu kimoja. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana mwenye mikono mizuri, mwepesi wa kazi, mwepesi wa maneno pia. Akapanga Alhamisi. Kasoro moja tu: mashine ya CT ya hospitali, ile inayokata picha vipande vipande kama mkate, ilikuwa imekufa wiki ya tatu, inasubiri kipuri. Kwa hiyo alikuwa na eksirei za kawaida tu, mbele na ubavuni.

Huyu daktari ana tabia moja nzuri, lazima niseme. Kabla ya shingo yoyote anakwenda chumba cha mifupa, anaazima pingili, anazishika, anazigeuza. Jumanne akaingia, akanyanyua mlango bila kuambiwa, akabandika picha ya ubavuni kwenye kioo cha dirisha.

"Bi Pingili, nipe ya kwanza na ya pili, saizi ya mwanamke."

Bi Pingili akatazama picha. Pembeni kabisa kulikuwa na kipini cha nywele.

"Huyo ni wifi yangu," akasema. "Alikataa kutoa kipini?"

"Alisema bila kipini hapigwi picha. Kumbe ni wako? Pole sana. Lakini ana bahati. Ona tao lake la nyuma." Akagusa kioo kwa kalamu. "Milimita sita. Wengine wana tatu, unahangaika, inabidi upite chini yake kwenye mishipa midogo inayovuja kama bomba bovu. Huyu naingia hapa kwenye tao, moja kwa moja, skrubu inashika kama iko kwenye zege."

Bi Pingili akavaa miwani. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Daktari, hilo tao linanenepa ghafla."

"Ghafla vipi?"

"Huku nyuma jembamba. Hapa mbele, tup, limevimba. Tao nene la kweli huanza kunenepa kutoka nyuma, pole pole. Hili limevaa kofia."

"Unafikiri ni daraja?"

"Nafikiri."

Daktari akainama akatazama tena, haki yake nimpe. Akatikisa kichwa. "Lingekuwa daraja ningeona tundu chini yake. Tundu liko wapi? Hakuna. Ni mfupa mtupu."

"Picha imekaa upande kidogo."

"Mama, shingo za namna hii nimefanya kumi na saba."

"Na mimi nimeshika mia mbili na kumi na nne."

Hapo hewa ikabadilika. Wewe unajua hewa hiyo, ile ya ofisini mtu mdogo akisema jambo la kweli mbele ya mkubwa. Daktari akabandua picha yake.

"Sawa. Nifanye nini? Nimpeleke kwenye CT ya hospitali nyingine? Ni saa tatu barabarani, na ile pete imeshikiliwa na nini sijui. Shimo moja, breki moja ya ghafla, imeteleza. Akiacha kupumua ndani ya ambulensi, nitawaambia ndugu zake kwamba mtunza mifupa alihisi kofia? Una uhakika?"

"Sina," Bi Pingili akasema.

"Basi."

Akachukua mifupa yake akaondoka, na mlango ukamgomea kutoka.

Hapa ndipo nataka uelewe huyu mama alikuwa amesimama wapi. Akinyamaza na daraja lipo, Alhamisi saa nne asubuhi drili inaingia kwenye mshipa. Akisema na daraja halipo, wifi anasafirishwa bure na shingo iliyokatika. Njia zote mbili zinapita kwenye shingo ya mtu yule yule, na ukoo mzima unajua kwamba yeye na mtu huyo hawapikiki chungu kimoja.

Mchana huo akaenda kwenye karakana ya mume wake. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya fremu ya kochi, misumari mdomoni. Akamwelezea yote. Fundi akatema misumari mkononi, mmoja mmoja, polepole, kama anahesabu maneno.

"Mtu akikupa ubao," akamwambia, "ukaona pembeni ni mnene, utajuaje kama ni ubao mmoja au ni mbao mbili zilizobanana na katikati kuna uwazi?"

"Naangalia mwisho wake."

"Na ukiwa huoni mwisho?"

"Sijui. Nitaugeuza."

"Basi geuza."

"Siwezi kumgeuza dada yako, mume wangu. Ndiyo shida yenyewe hiyo."

Fundi akakaa chini kabisa. "Akipata kitu kwa sababu umemchelewesha, watasema ulifanya makusudi. Unajua hilo."

"Najua. Wewe utasemaje?"

"Mimi nitasema ulikuja kuniuliza." Akarudisha msumari mdomoni, akautoa tena. "Kama huwezi kumgeuza yeye, huna kingine cha kugeuza?"

Alikuwa nacho. Kwenye boksi la viatu alikuwa na thelathini na moja.

Jumatano saa mbili asubuhi Bi Pingili alikuwa mlangoni kwa mpiga picha wa eksirei, jamaa mmoja mnene, mchekeshaji, ambaye hajawahi kumaliza chai yake ikiwa moto.

"Mama Pingili! Mgonjwa wako yuko wapi?"

"Huyu hapa." Akaweka mfupa mezani.

Jamaa akautazama. "Huyu amekonda sana. Mlikuwa mnasubiri nini nyumbani?"

"Nipigie ubavuni."

"Mwambie avue vitu vya chuma." Akasogeza mashine. "Avute pumzi. Asitikisike. Ah, huyu ndiye mgonjwa bora niliyempata mwezi huu. Yule wifi yako wa Jumapili alinigombeza mpaka nikapiga picha akiwa ananigeukia kunijibu."

Bi Pingili akamshika mkono. "Alikuwa anageuka?"

"Kwa kola ile yako ya taulo na kadibodi hakuweza kugeuka sana. Kidogo tu. Lakini mdomo ulifika."

Wakapiga mfupa ukiwa umenyooka sawasawa: daraja likaonekana, na tundu chini yake, duara safi kabisa. Bi Pingili akachukua kipande cha kadibodi, akakikunja, akakitia chini ya upande mmoja, mfupa ukainama kidogo, kiasi cha mtu anayegeuka kumjibu mtu. Wakapiga tena. Tundu likapotea. Upande wa pili wa pete ulikuwa umekuja ukasimama nyuma yake ukaliziba, na kilichobaki kwenye picha kilikuwa tao nene, zuri, la milimita sita. Wakapiga na mfupa mwingine, wenye tao nene la kweli kweli, usio na daraja. Jamaa wa eksirei akaacha utani. Akainua simu mwenyewe akamwita daktari.

Daktari akaja anapumua kwa pua. Mezani kulikuwa na picha mbili kwenye taa, hazina jina.

"Chagua," Bi Pingili akamwambia. "Moja ni tao nene la kweli. Nyingine ni mbishi. Utaweka skrubu kwenye ipi?"

"Bi Pingili, nina kliniki."

"Ni dakika moja, daktari."

Akainama. Akatazama ya kulia, akatazama ya kushoto. Akavua miwani akaifuta kwa koti, akavaa tena. Akaweka kidole kwenye ya kushoto. "Hii. Hii ndiyo nene."

Bi Pingili akatoa mfupa wa picha ya kushoto mfukoni mwa dera lake la kazi, akamwekea kiganjani. Waya mwekundu ulikuwa umepita chini ya daraja, pale pale alipoweka kidole.

Jamaa wa eksirei akanywa chai yake baridi kwa sauti. Daktari akauzungusha ule mfupa, akavuta waya upande huu, akavuta upande ule. Ukweli ni kwamba kosa hili si la mjinga. Mjinga hawezi hata kulifanya. Lazima uwe umesoma kiasi cha kujua kwamba tao nene ni zuri, uwe na mkono wa kulitumia, na uwe na furaha kidogo ya kulipata. Ndipo linakunasa.

"Leta ya wifi yako," akasema, na sauti yake ilikuwa nyingine. Wakaiweka katikati ya zile mbili. Akaitazama muda mrefu. "Bado sijui."

"Hata mimi sijui," Bi Pingili akasema. "Ndicho nilichokuwa nasema jana."

Daktari akaagiza ambulensi.

Kama umewahi kukaa saa tatu ukishika kichwa cha mtu ambaye hamuelewani, utanielewa. Kama hujawahi, jaribu kufikiria. Wifi alilazwa chali, kola ngumu shingoni, mifuko ya mchanga kushoto na kulia, mkanda kwenye paji la uso. Bi Pingili alikaa kichwani kwake, viganja viwili kwenye mashavu, magoti yamebana kitanda. Dereva aliambiwa aendeshe kana kwamba amebeba mayai ya bosi. Nesi wa ambulensi alimwambia wifi asiongee. Haya.

"Mikono yako ya baridi," wifi akasema kabla hawajatoka getini.

"Imezoea."

"Imezoea nini? Usiniambie."

"Nyamaza, wifi."

Gari likatoka getini.

"Nimeombwa nisaini karatasi mbili, na hakuna aliyenieleza kama mtu mzima. Nieleze wewe. Kuna nini shingoni kwangu?"

Bi Pingili akamweleza. Hakumpunguzia. Akamwambia kuhusu jino, kuhusu pete, kuhusu mshipa unaokata kona, kuhusu daraja ambalo huenda lipo na huenda halipo. Akamwambia pia kwamba safari hii yenyewe ni hatari, na kwamba yeye ndiye aliyeisababisha.

Wifi akatazama paa la gari. Hakuwa na mahali pengine pa kutazama.

"Na kama halipo?"

"Nitakuwa nimekusumbua bure."

"Na kama nikifa njiani?"

"Nitakuwa nimekuua, na utapata cha kuniambia siku zote."

Machozi yakamtoka wifi, yakateremka pembeni yakaingia kwenye vidole vya mwenzake. Bi Pingili hakuweza kuyafuta, mikono ilikuwa kazini.

"Hizo zenye daraja mnaziitaje?" wifi akauliza baadaye.

"Wabishi."

Kifua cha wifi kikaanza kutikisika.

"Usicheke! Wifi, usicheke, nakuomba!"

"Usinichekeshe basi! Yaani hata mifupa yangu—"

"Nesi, mwambie anyamaze!"

"Ninyi wawili," nesi akasema, "mkiendelea nitashuka."

Kwenye shimo la kwanza wote wanne, pamoja na dereva, walibana pumzi. Kichwa hakikusogea. Kwenye la pili, hakikusogea. Bi Pingili aliniambia kwamba alipofika hakuweza kufungua vidole, ilibidi nesi amkunjue kimoja kimoja.

CT haibishani na mtu. Upande wa kulia, kijifereji wazi, tao jembamba kuliko alivyodhani daktari. Upande wa kushoto, daraja kamili, na mshipa mnene wa damu umelala chini yake pale pale, hasa hasa, alipogusa daktari kwa kalamu Jumanne. Daktari alitumiwa picha kwenye simu. Akamjibu Bi Pingili kwa neno moja, "Lipo," halafu baada ya muda akaongeza, "Niachie boksi wazi."

Wakarudi vile vile, mashimo yale yale. Alhamisi, siku iliyopangwa upasuaji, daktari alikaa chumba cha mifupa kutwa nzima na wabishi sita wenye daraja upande wa kushoto. Aliacha tao kabisa, pande zote mbili. Akafanya mazoezi ya njia ndefu: kupita chini ya tao, kusogeza neva taratibu, kuvumilia ile mishipa midogo inayovuja, kutafuta bonge nene la mfupa lililo ndani, na kuingia hapo, drili ikielekea katikati kidogo, mbali na mshipa. Bi Pingili alimshikia mifupa kwa koleo. Mara mbili alimwambia, "Umepanda," na mara mbili daktari akashusha mkono bila kuuliza.

Ijumaa asubuhi wakamwingiza wifi chumba cha upasuaji. Fundi alikaa kwenye benchi la nje, mdomo mtupu, hajui afanye nao nini. Bi Pingili alishindwa kukaa. Akarudi kazini, akamwaga beseni zima la mifupa ya wanafunzi mezani akaanza kuchambua, akakosea, akamfungia mtu pingili nane. Akafungua, akaanza upya. Saa tano. Saa sita. Saa saba na robo mlango ukanyanyuliwa.

Daktari alikuwa bado na kofia ya upasuaji, alama ya barakoa imemchora usoni.

"Lilikuwepo," akasema. "Nimeligusa kwa ncha butu. Nimeusikia mshipa unapiga chini yake." Akakaa kwenye kiti cha wanafunzi. "Ningeingia pale pale, Bi Pingili. Kwa furaha kabisa."

"Vidole?"

"Vya mikono vinacheza, vya miguu vinacheza. Na mdomo."

"Mdomo ulishaanza?"

"Ameuliza nani kaiweka dripu yake kombo."

Bi Pingili akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akaosha uso muda mrefu kuliko uso unavyohitaji.

Sasa imepita miezi minne. Skrubu zimeshika, mfupa unaungana. Ila kuna jambo daktari alilieleza na hakuna aliyelitilia maanani wakati ule: ukizifunga pingili hizo mbili pamoja, unapoteza karibu nusu ya uwezo wa kugeuza shingo. Haitarudi. Kwa hiyo wifi akitaka kukutazama pembeni, anageuka mzima mzima, miguu kwanza, kama friji linalohamishwa. Wiki iliyopita nilikuwa pale jikoni kwao, na wale wawili walikuwa wanabishana kuhusu sufuria. Bi Pingili, anayeijua shingo ile mpaka ndani, alikuwa amesimama makusudi nyuma ya bega la kushoto.

"Njoo mbele nikuone ninapokusema," wifi akasema.

"Niko mbele."

"Uko nyuma, nakusikia."

"Basi geuka."

Wifi akaanza kugeuka, hatua ndogo ndogo, slipa zikiburura sakafuni. Alipokaribia kumaliza, Bi Pingili akasogea tena hatua mbili kushoto.

"Mwanamke wewe!" wifi akapiga kelele, akacheka mpaka akashika meza, na akaanza kugeuka upya.